Nchi Jirani: Jazi Laini Ilivyoondoka Redioni



Katika mazungumzo haya tumezoea kuzitazama nchi zinazopakana nasi. Leo tutavuka bahari kwanza, twende Marekani na Uingereza, kisha turejee kwa majirani zetu wa Kenya na Uganda. Tunafanya hivyo kwa sababu katika mambo ya redio jirani si yule tu mnayegawana naye mpaka. Jirani ni kila mtu ambaye desturi yake ya kuendesha redio yaweza kuingia nyumbani mwako bila kupiga hodi. Na desturi tutakayoieleza leo imekwisha kuingia katika sehemu hii ya Afrika.

Jambo lenyewe ni hili. Kati ya mwaka 2006 na mwaka 2010, vituo vingi vya redio katika miji mikubwa ya Marekani vilivyokuwa vikipiga muziki uitwao jazi laini viliuacha. Baadhi viligeukia roki, vingine vikaanza kutangaza kwa Kihispania, na vingine vikahamia kwenye nyimbo laini za kuimbwa zinazopendwa na watu wa makamo. Uingereza mageuzi ya namna hiyo yalikuwa yametangulia kwa miaka michache. Swali linalotukabili ni moja: je, waliobadilika ni wasikilizaji, au kilichobadilika ni kitu kingine?

Kabla ya kulijibu swali hilo yafaa tuelewane juu ya neno lenyewe. Askari wengi wanalijua neno jazz kwa njia ya bendi zao. Polisi walikuwa na Polisi Jazz, na Jeshi la Wananchi lilikuwa na Mwenge Jazz; uraiani zilikuwapo Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz na nyingine nyingi. Kwetu neno hilo lilimaanisha bendi ya dansi yenye magitaa, ngoma na matarumbeta. Kule Marekani jazi ni muziki ulioanzishwa na Wamarekani weusi mwanzoni mwa karne ya 20, na sifa yake kubwa ni kwamba mpigaji huutunga muziki wake papo hapo mbele ya watu, akiuacha wimbo na kuurudia kadiri apendavyo.

Jazi laini ni mtoto wa muziki huo, lakini ni mtoto aliyelelewa na redio. Aghalabu hauna mwimbaji. Saksafoni, gitaa au kinanda ndicho kinachobeba wimbo. Mapigo yake ni ya taratibu, sauti yake haishtui, na mpigaji haruhusiwi kutangatanga mbali na wimbo. Chanzo chake chaonekana katika sahani kama Breezin' ya mpiga gitaa George Benson ya mwaka 1976, na Winelight ya mpiga saksafoni Grover Washington Jr. ya mwaka 1980. Aliyeufikisha kwa umma mkubwa kuliko wote ni Kenny G, ambaye sahani yake Breathless ya mwaka 1992 ilinunuliwa Marekani kwa mamilioni.

Tarehe 14 Februari 1987, kituo cha KTWV cha Los Angeles, kilichojiita Wimbi, kilianza kusikika katika masafa ya 94.7, mahali palipokuwa pa KMET, kituo cha roki kilichokuwa na jina kubwa. Mwanzoni hakikuwa na watangazaji wa kuzungumza baina ya nyimbo; muziki ulifuatana na muziki. Mwaka huohuo WNUA ya Chicago na KKSF ya San Francisco ziliifuata njia hiyo, na baada yao WQCD ya New York. Muziki huu ulipata nafasi katika ofisi, katika vyumba vya kungojea daktari, katika magari ya watu waliokuwa wakirejea nyumbani jioni. Haukuwa muziki wa kuchezwa wala wa kuketi na kuusikiliza kwa makini. Ulikuwa muziki wa kuwa pamoja na mtu anapofanya kazi yake.

Hata jina la jazi laini halikutoka kwa wapiga muziki. Lilitoka katika vikao vya kuwahoji wasikilizaji vilivyoendeshwa na washauri wa redio. Katika majaribio yao, watu waliketi chumbani, wakapigiwa vipande vya nyimbo, na kila mmoja akazungusha kitasa kuonyesha kama anapenda au hapendi. Wimbo uliofaulu uliingia redioni, na ulioshindwa ulibaki nje hata kama mpigaji wake alikuwa fundi. Kwa njia hiyo orodha ya nyimbo ilizidi kuwa fupi, na wapiga muziki wakajifunza kurekodi kile walichojua kitafaulu. Hebu tulikumbuke jambo hili: tangu mwanzo muziki huu ulizaliwa kwa kipimo. Kilichouinua ndicho hatimaye kilichouangusha.

Ni lazima pia tukumbuke namna redio ya biashara inavyopata riziki yake. Msikilizaji halipi kitu. Anayelipa ni mwenye bidhaa, naye hununua idadi ya masikio. Hivyo kila kituo huhitaji mtu wa tatu, asiye upande wa kituo wala wa mwenye bidhaa, wa kuwaambia wote wawili ni watu wangapi waliosikiliza na kwa muda gani. Kwa miaka mingi mtu huyo katika Marekani alikuwa kampuni ya Arbitron, ambayo mwaka 2013 ilinunuliwa na kampuni ya Nielsen.

Kipimo cha zamani cha Arbitron kilikuwa daftari. Watu waliochaguliwa walipelekewa kijitabu, na kwa muda wa siku saba kila mmoja aliandika alisikiliza kituo gani, tangu saa ngapi hadi saa ngapi. Mwisho wa juma alikirudisha kwa posta. Njia hiyo ilitegemea vitu viwili: kumbukumbu ya mtu na mapenzi yake. Karani aliyeipenda jazi laini, aliyewasha redio ofisini asubuhi na kuizima jioni, aliandika mstari mmoja tu: tangu saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni.

Ninyi askari mnalijua jambo hili vizuri kuliko raia. Mlinzi aliyeshika zamu huandika katika kitabu cha matukio kwamba tangu saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi hali ilikuwa shwari. Huenda hakusema uongo. Lakini mstari ule hauonyeshi dakika aliyokwenda kunywa maji, wala dakika alizosimama kuzungumza na mwenzake langoni. Mstari ule unaonyesha wajibu kama mlinzi anavyoufahamu, na kiongozi mwenye busara huusoma hivyo. Daftari la Arbitron nalo lilionyesha mapenzi ya msikilizaji kama yeye mwenyewe alivyoyafahamu.

Kuanzia mwaka 2007 kampuni hiyo ilibadili kipimo. Ilianza na miji ya Philadelphia na Houston, kisha mwaka 2008 ikafika New York, Los Angeles, Chicago na San Francisco. Mahali pa daftari pakawekwa kidude kidogo cha kuvaliwa kiunoni tangu asubuhi hadi wakati wa kulala. Kila kituo kilitia ndani ya sauti yake alama ya siri ambayo sikio la binadamu halitambui, lakini kidude kinaitambua na kuiandika pamoja na saa na dakika. Kidude hicho kilijua pia kama kinatembea, yaani kama mwenye nacho amekivaa kweli au amekiacha mezani. Usiku kiliwekwa mahali pake pa kutiwa umeme, nacho kikapeleka taarifa zake kwa kampuni bila mtu kuandika neno.

Matokeo yake yaliwashangaza wenye vituo. Ilionekana kwamba mtu mmoja husikia vituo vingi zaidi kuliko anavyokumbuka, na kwamba kila kimoja hukisikia kwa muda mfupi zaidi kuliko anavyodhani. Vituo vilivyokuwa vikiishi kwa saa nyingi za wasikilizaji wachache waaminifu vilipata hasara, na vile vilivyosikika kwa dakika chache na watu wengi vilipata faida. Jazi laini ilikuwa katika kundi la kwanza. Karani yule wa ofisini alipoondoka mezani kwenda mkutanoni, kwenda kula, au kwenda kwa mwenzake aliyewasha kituo kingine, kidude kilimfuata na kuandika yote.

Tangu hapo vituo vilianza kuanguka kimoja kimoja. Tarehe 5 Februari 2008, WQCD ya New York iligeuka kuwa kituo cha roki. Mwezi huohuo mjini Washington kituo cha 105.9 kilihamia nyimbo za zamani. Mnamo Mei 2009, katika juma moja tu, KKSF ya San Francisco iliiacha jazi laini ikaenda kwenye roki ya zamani, na WNUA ya Chicago, iliyokuwa na umri wa miaka 21, ikaanza kutangaza kwa Kihispania. Mwezi Oktoba mwaka huo Detroit nayo ikakipoteza kituo chake.

KTWV ya Los Angeles, iliyokuwa kiongozi wa njia, haikufungwa. Ilifanya jambo la taratibu zaidi, na kwetu ndilo lenye mafunzo makubwa zaidi. Mwaka 2010 iliacha kujiita kituo cha jazi laini. Jina la Wimbi lilibaki, na masafa yalibaki yaleyale. Ila nyimbo za kupigwa kwa vyombo peke yake zilipunguzwa, na mahali pake pakaja nyimbo laini za kuimbwa ambazo mtu wa makamo amekwisha kuzijua tangu ujana wake. Hoja ya mabadiliko hayo ni nyepesi kuelewa. Mtu anayebadilisha vituo ndani ya gari husimama anaposikia sauti anayoitambua. Saksafoni ya mtu asiyemjua haimsimamishi. Katika kipimo cha dakika, wimbo unaotambulika upesi una thamani kuliko wimbo unaopendwa polepole.

Ni haki kusema kwamba kipimo hakikuwa sababu pekee. Wasikilizaji wa jazi laini walikuwa wakizeeka, ilhali wenye bidhaa wa Marekani huwatafuta hasa watu wa umri wa miaka 25 hadi 54. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1996 iliondoa kikomo cha vituo ambavyo kampuni moja yaweza kumiliki nchini kote, na kampuni moja kubwa ikafikia vituo zaidi ya 1,000; mwenye vituo vingi namna hiyo huviendesha kwa hesabu za makao makuu. Mwaka 2008 uchumi uliporomoka na matangazo ya biashara yakapungua. Tena, orodha fupi ya nyimbo iliwachosha hata wapenzi wenyewe. Mti uliokwisha kuliwa na mchwa hauhitaji upepo mkali.

Wala kipimo chenyewe hakikukubaliwa bila ubishi. Mwezi Oktoba 2008 Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York aliishtaki Arbitron mahakamani, akidai kwamba watu waliovalishwa vidude hawakuwawakilisha sawasawa Wamarekani weusi na wale wenye asili ya Amerika ya Kusini. Shauri hilo lilimalizwa kwa mapatano mwezi Januari 2009, na kampuni ikaahidi kurekebisha namna ya kuwachagua watu wake. Baadaye mafundi wa redio walidai kwamba alama ya siri hushika vizuri katika sauti nzito na yenye kelele kuliko katika sauti laini, na mwaka 2015 Nielsen iliiongezea alama hiyo nguvu. Kwa muziki ambao sifa yake ni ulaini, hoja hiyo haikuwa ndogo. Lakini vituo vyake vingi vilikuwa vimekwisha kuondoka.

Uingereza mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na hapa askari wa polisi watege sikio, kwa kuwa habari yenyewe ni ya leseni. Kituo cha Jazz FM kilianza mjini London mwezi Machi 1990, kikiwa kimepewa masafa ya 102.2 kwa ahadi ya kupiga jazi. Miaka ilipopita wenye kituo waliona kwamba nyimbo laini za kuimbwa zina faida zaidi. Mwaka 2004 kituo chao cha kaskazini-magharibi ya Uingereza kilibadilishwa jina kikaitwa Smooth FM, na mwaka 2005 kile cha London kikafuata. Leseni ya London ilidai bado saa 45 za jazi kila wiki. Sharti hilo lilitimizwa, lakini jazi ilipelekwa usiku, wakati watu wengi wamelala. Herufi ya sharti ilitiiwa na roho yake ikaachwa nje. Hatimaye sharti lenyewe liliondolewa, na jazi ikalazimika kutafuta makao mapya katika redio ya dijitali, ambako Jazz FM ilirudi mwezi Oktoba 2008.

Ndugu wasikilizaji, turejee sasa nyumbani. Je, mambo haya yanatuhusu nini?

Sisi na majirani zetu tulikuwa na daftari letu, ingawa hatukuliita hivyo. Lilikuwa kadi za salamu. Redio Tanzania na Sauti ya Kenya zilipokea kadi hizo kwa magunia: mtu aliyeko kambini, kituoni au shambani aliwasalimu ndugu na marafiki na kuomba wimbo. Wimbo ulioombwa mara nyingi ulihesabiwa kuwa unapendwa. Lakini aliyeandika kadi alikuwa na kalamu, fedha ya kununua kadi na moyo wa kuandika. Mama aliyesikiliza huku akitwanga hakuandika. Mvuvi hakuandika. Kadi zilionyesha mapenzi ya walioandika. Waliosikiliza kimya hazikuwaona.

Majirani zetu wa Kenya walijaribu pia njia ya amri. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya ilitangaza kwamba asilimia 75 ya muziki wake utakuwa muziki wa Kenya. Nia ilikuwa kuwainua wanamuziki wa nchi, lakini uamuzi huo ulirudishwa nyuma upesi. Kwa hiyo amri nayo, kama kadi na kama kidude, ni njia mojawapo ya kuamua masikio ya watu yasikie nini, na kila njia ina upande wake usioona.

Tangu miaka ya 1990 hali ya sehemu zetu imebadilika. Uganda ilipata vituo vya watu binafsi mwaka 1993, Tanzania mwaka 1994, na Kenya mwaka 1996. Vituo hivyo huishi kwa matangazo ya biashara, na kwa sababu hiyo navyo huhitaji mtu wa kuhesabu. Wasikilizaji huhojiwa majumbani mwao au huulizwa kwa ujumbe wa simu ya mkononi: jana ulisikiliza kituo gani? Anayejibu ni yule mwenye simu, mwenye chaji, mwenye nafasi na mwenye hiari. Hesabu hiyo ikifika mezani kwa mwenye kituo, ndiyo inayoamua kama taarabu itabaki saa ya jioni au itasogezwa usiku wa manane, na kama dansi ya zamani itapigwa au itaachwa. Msikilizaji huona tu kwamba kipindi chake kimetoweka, akadhani labda amebaki peke yake anayekipenda.

Hapo ndipo penye jambo zito. Jazi laini ilipoondoka redioni, mapenzi yake hayakufa. Tangu mwaka 2004 wapenzi wake wamekuwa wakilipa nauli kubwa kusafiri kwa meli pamoja na wapigaji wao na kuwasikiliza baharini, na safari hizo ziliendelea hata baada ya vituo kubadilika. Kilichopotea ni mlango. Kijana mpiga saksafoni aliyekuwa akitumaini kusikika na mji mzima bila jina kubwa na bila mwimbaji alikuta mlango huo umefungwa, naye hakuwa ameulizwa. Karani wa ofisini aliyeipenda redio yake kwa miaka 20 naye hakuulizwa. Kidude kiliandika dakika zake. Hakikuandika kwamba dakika hizo ndizo zilizompumzisha.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni kwamba wasikilizaji walibadilika kidogo, na kipimo kilibadilika sana. Daftari lilipima moyo wa msikilizaji, likaongeza chumvi. Kidude kilipima sikio lake, kikaacha moyo nje. Hakuna kati ya hivyo viwili kilichokuwa cha uongo, na hakuna kilichokuwa ukweli wote. Kosa lilikuwa kuamini kwamba kipimo kipya, kwa kuwa ni chombo wala si mtu, hakina upande wake usioona.

Askari hufundishwa kwamba taarifa moja haitoshi kuamua jambo. Taarifa ya doria hupimwa kwa taarifa ya wenyeji, na ile ya wenyeji hupimwa kwa macho ya kamanda mwenyewe. Redio nayo yahitaji nidhamu hiyohiyo. Anayeendesha redio, ya serikali au ya mtu binafsi, hapa kwetu au kwa majirani, na azisome hesabu zake. Lakini kabla hajakiondoa kipindi, na aulize ni nani waliohesabiwa, kwa njia gani, na ni nani waliosikiliza kimya. Na msikilizaji anayekipenda kipindi asingoje mpaka kiondoke ndipo alalamike. Na aandike leo, apige simu leo, aseme leo. Kimya chake hakuna chombo kinachokipima.